Tunalima pamba, tunashona, tunalala ndani ya vyandarua: watu wa Kanda ya Ziwa, tuongee nyuzi zinazotibu

FundiNyuzi_Nyakato

Habari za jioni wanajukwaa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Humu tukitaja vitambaa tunaishia kwenye vitenge vipya na bei ya jora. Sina ugomvi na hilo, nguo ndiyo inayonilisha: nilianzia kiwandani kwenye mashine za kusokota, sasa nafundisha vijana ushonaji. Lakini kipo kitambaa ambacho karibu kila nyumba ya kanda hii inacho, wala hatukihesabu kuwa kitambaa, na hatua yake kubwa ya miaka ya karibuni imepimwa hapahapa kwetu. Nasema chandarua.

Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba (NIMR) Mwanza, wenzao wa chuo cha tiba cha KCMC Moshi na wengine wa London waligawa vyandarua vya aina 4 katika vijiji 72 vya Wilaya ya Misungwi, hapo mbele ukishaipita Buhongwa. Aina moja ilikuwa ile tuliyoizoea, yenye dawa ya kuua mbu ya kundi la pairethroidi peke yake. Nyingine 3 zilikuwa na pairethroidi pamoja na kitu cha pili. Baada ya miaka 2 wakapima damu za watoto. Kwenye vijiji vya chandarua cha kawaida, 45.8% walikutwa na vimelea vya malaria. Kwenye vijiji vilivyopata chandarua chenye pairethroidi na dawa ya pili iitwayo klofenapiri, 25.6%. Wilaya moja, mbu walewale, majaruba yaleyale ya mpunga, tofauti ni kilichowekwa kwenye uzi. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2022, na Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo la kutumia vyandarua hivyo mahali ambapo mbu wameshakuwa sugu kwa pairethroidi.

Kwa nini kimefaulu? Pairethroidi hupiga mishipa ya fahamu ya mbu. Mbu wetu wamejijengea vimeng'enya vinavyoivunja dawa hiyo kabla haijawaua. Klofenapiri inaingia mwilini mwa mbu ikiwa bado haina makali. Vimeng'enya vya jamii hiyohiyo vinapoishambulia ndipo vinaigeuza kuwa sumu kamili, nayo inakata uzalishaji wa nguvu ndani ya chembe zake. Kinga aliyojijengea mbu ndiyo inayoiwasha dawa. Mimi nikisoma jambo kama hilo nasimama kabisa, maana huo ni ufundi wa hali ya juu, na umewekwa kwenye kitu tunachokifungia shuka na kukitupa juu ya kabati.

Nimefungua uzi huu kwa sababu naona tumegawanyika. Mkulima anajua pamba, fundi anajua nguo, nesi anajua bandeji, mvuvi anajua nyavu, na wote wanashika kitu kimoja, yaani nyuzi. Kila mmoja aseme anachokijua.

MamaUniform_Kirumba

Asante kaka kwa elimu. Swali langu ni la nyumbani. Vyandarua vya kugawiwa vingine ni laini kama shela, vingine vigumu mpaka vinakwaruza mkono. Majirani wanakimbilia laini wakisema ndicho kizuri. Ukweli ni upi?

FundiNyuzi_Nyakato

Mama Uniform, ulaini hauhusiani na nguvu ya dawa. Kile laini kwa kawaida ni poliesta. Uzi unafumwa kwanza, halafu kitambaa kizima kinapakwa dawa pamoja na kishikizo kinachoizuia isitoke kwenye maji. Kile kigumu mara nyingi ni polithilini. Hapo dawa inachanganywa na plastiki ikiwa imeyeyuka, kabla haijavutwa kuwa uzi, kisha inajitokeza juu ya uso wa uzi polepole. Vyandarua vya Olyset vinavyotengenezwa Arusha na kiwanda cha A to Z tangu 2003 ni vya njia hii ya pili. Ukivifua, dawa ya juu inapungua, halafu nyingine inapanda kutoka ndani.

Cha kuangalia kwenye pakiti ni mambo mawili: jina la dawa, na dinia. Dinia ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Vyandarua vingi ni vya dinia 75, 100 au 150. Namba ikiwa kubwa uzi ni mnene zaidi. Lakini dinia peke yake haitoshi, ufumaji nao una neno. Vyandarua vya kiwandani hufumwa kwa vitanzi vinavyofungana, ndiyo maana panya akikata uzi mmoja tundu halikimbii kama soksi ya nailoni.

Na hapa ndipo ninapoumia kama mtu wa nyuzi. Kipimo kinachotarajiwa ni chandarua kidumu miaka 3 na kustahimili kufuliwa mara 20. Misungwi vilichakaa kabla ya muda huo. Wataalamu wa dawa wamefanya kazi kubwa, sasa kazi iko kwa watengeneza uzi. Dawa nzuri kwenye kitambaa kilichojaa matundu haifiki mbali.

NesiZamuYaUsiku

Uzi mzuri sana. Naomba niongeze la thieta, maana linahusu chandarua hichohicho na wengi wenu hamtaamini.

Mtu mwenye ngiri ya kinena akifanyiwa upasuaji siku hizi, njia inayopendekezwa ni kuwekewa kipande cha wavu pale ukuta wa tumbo ulipolegea. Zamani daktari alivuta nyama za pembeni akazishona kwa nguvu, mshono ukawa umekazwa na ngiri ikarudi kwa wengi. Wavu haumvuti mtu. Nyama mpya inaota katikati ya matundu yake na kuushika. Wavu wa plastiki wa namna hiyo ulianza kutumika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kazi ya daktari Francis Usher. Tatizo ni bei. Kwenye utafiti ninaousimulia, wavu wa kampuni ulikuwa kama dola 125. Mvuvi gani atatoa hiyo?

Mashariki mwa Uganda, ng'ambo ya ziwa letu, madaktari wa huko pamoja na wa Sweden walichukua kitambaa cha chandarua cha polithilini ambacho HAKINA dawa ya mbu, wakakikata vipande, wakakitakasa kwa joto kwa utaratibu wa hospitali. Kipande kikagharimu kama dola 1. Wanaume 302 wakagawanywa kwa kura, nusu wakapata wavu wa bei ghali, nusu wakapata huo. Baada ya mwaka, ngiri ilimrudia mtu 1 tu kwenye kundi la wavu wa bei nafuu na hakuna kwenye kundi jingine, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Ilichapishwa New England Journal of Medicine mwaka 2016.

Nasisitiza tena: bila dawa ya mbu, kimetakaswa, na kimewekwa na daktari aliyefunzwa. Asitokee mtu akaenda kukata chandarua cha mgao.

MzeeWaPamba_Magu

Wabeja sana binti yangu nesi, na wewe fundi. Nimelima pamba tangu enzi za vyama vya ushirika vya akina Paul Bomani, na mbegu zetu zinatoka Ukiriguru hadi leo. Nina jambo moja la kuwaambia vijana wanaovuna. ACHENI SALFETI.

Salfeti imefumwa kwa polipropilini. Ikipigwa jua inachakaa, vinyuzi vinadondokea kwenye pamba. Mashine ya kuchambua haivioni. Vinakwenda kwenye robota (furushi la pamba iliyoshindiliwa), vinasokotwa, vinafumwa, na siku ya kutia rangi kitambaa kinatoka na vidoa vyeupe, kwa kuwa polipropilini haishiki rangi ya pamba. Mnunuzi wa nje akishaona hivyo pamba ya kanda nzima inashushwa bei. Tunalaumu soko kila msimu ilhali kasoro nyingine inaanzia kwenye gunia letu wenyewe.

Sasa nauliza. Bandeji na gozi, kile kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, ni pamba. Pamba ni yetu. Kwa nini vituo vyetu vya afya vinaletewa gozi kutoka mbali?

FundiNyuzi_Nyakato

Mzee wangu shikamoo. Swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Pamba ikitoka shambani ina nta juu ya uzi wake. Tupa kipande kwenye ndoo ya maji, kitaelea. Pamba ya namna hiyo haifai kidonda hata kidogo, hainyonyi. Ili iwe gozi lazima ichemshwe kwenye soda kali mpaka nta iondoke, ipaushwe kwa peroksaidi, ioshwe mpaka maji yasibaki na tindikali wala magadi, na isiwekewe kilainishi chochote. Kipimo cha viwango vya kimataifa ni chepesi kueleza: pamba ya hospitali ikiwekwa juu ya maji izame ndani ya sekunde 10, na ishike maji zaidi ya mara 20 ya uzito wake.

Hakuna hatua hapo inayohitaji miujiza. Soda, peroksaidi, maji mengi safi, mtambo wa kusafisha majitaka kabla hayajaingia ziwani, na maabara inayopima kila mkupuo. Viwanda vya enzi za Mwatex hapa Mwanza na Mutex pale Musoma vilisokota na kufuma, wazee wengi humu walivaa khanga zake. Tulichokosa ni uvumilivu wa kupima. Gozi ya Jumatatu ikizama kwa sekunde 6 na ya Alhamisi ikielea, hospitali haiwezi kukununua hata kama ni ndugu yako. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi yetu bado inasafirishwa nje ikiwa robota, na faida ya kuchemsha, kufuma na kutakasa wanaila wengine. Naamini kabisa tungeweza kuanza na gozi na pamba ya hospitali kabla ya kuota kiwanda cha suruali za jinzi. Mashindano ya mitindo hayana mwisho, gozi haipitwi na fasheni.

NesiZamuYaUsiku

Hapo kwenye gozi niwaambie na upande wa wodini. Gozi kavu juu ya kidonda kibichi inaganda. Ukiibandua unaondoka na ngozi mpya iliyoanza kuota, na mgonjwa analia. Mwaka 1962 mtafiti George Winter, kwa kutumia nguruwe, alionyesha kwamba kidonda kisicho kirefu kikifunikwa kwa plastiki nyembamba kikabaki na unyevu, ngozi hufunga karibu mara mbili ya kasi ya kidonda kilichoachwa kikauke. Bado kuna watu wanaamini kidonda lazima "kipate hewa".

Kutokana na wazo hilo zikaja bandeji za alginati, nyuzi zinazotengenezwa kwa mwani wa kahawia. Zina kalisi. Zikikutana na majimaji ya kidonda, ambayo yana sodiamu, kalisi na sodiamu zinabadilishana nafasi na nyuzi zinageuka ute mzito. Unaiondoa kwa kuisuuza, haichani kitu. Kwa kidonda cha kisukari kinachotoa majimaji mengi, hiyo ni tofauti kubwa kwa mgonjwa.

Mvuvi_Ukerewe

Mimi nimesikia ngozi ya sato inatibu walioungua moto. Ni kweli au ni stori za mtandaoni?

NesiZamuYaUsiku

Kaka yangu, ni kweli, na ni sato yuleyule. Madaktari wa Fortaleza, Brazil, wameitumia kwa watu walioungua. Ngozi ya sato ina kolajeni (protini inayoishika ngozi) nyingi na inashika unyevu, inajibandika kwenye jeraha na inaweza kukaa siku kadhaa bila kubadilishwa. Kubadilishiwa bandeji ndiko kunakomtesa aliyeungua kuliko kitu kingine, hivyo kupunguza mara za kubandua ni kupunguza mateso. Iceland wanatumia ngozi ya samaki wa baharini kwa vidonda, na Marekani iliiruhusu mwaka 2013.

Lakini ngozi ile ya Brazil inaoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, inalowekwa kwenye gliserini, na inapigwa mionzi. Ya sokoni Mwaloni iliyotoka kuparuliwa magamba ina bakteria wa kumuua mtoto aliyemwagikiwa uji. Mtoto akiungua, maji safi ya kawaida ya kutiririka kwa dakika 20, kitambaa safi, hospitali. Msipake dawa ya meno, msipake asali, msipake mayai.

Binti_Makoroboi

Jamani na sisi wa fasheni mtukumbuke. Nauza vitambaa, na kilio changu ni poliesta inayouzwa kwa jina la pamba. Mteja anashona gauni la sherehe, Mwanza hii ya joto la mchana, anarudi analalamika amelowa.

Nawapa njia ninayotumia mzigo ukishuka. Chomoa nyuzi mbili tatu, ziwashe kwa kiberiti mbali na mzigo. Pamba inanuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha punje ngumu nyeusi. Hariri na sufu zinanuka nywele. Mchanganyiko unatoa vyote viwili, jivu lenye punje. Viskosi (uzi wa kiwandani utokanao na miti) nayo inanuka karatasi, hiyo itawadanganya, kwa hiyo lowesha uzi uvute: viskosi ikilowa inakatika kirahisi, pamba ikilowa inakuwa imara zaidi.

FundiNyuzi_Nyakato

Dada umefundisha vizuri kuliko vitabu vyangu. Niongeze kidogo kuhusu joto. Pamba katika hewa ya kawaida inabeba unyevu kama 8% ya uzito wake, poliesta haifiki hata 1%. Kwa hiyo poliesta ya kawaida inaliacha jasho juu ya ngozi. Watengenezaji wamebadilisha umbo la uzi wenyewe: ukiukata na kuutazama kwa hadubini unakuta una mifereji ubavuni, jasho linasafiri ndani ya mifereji hiyo hadi upande wa nje na kukauka. Jezi nyingi nzuri za michezo ni hizo. Kwa hiyo tusiseme poliesta yote ni mbaya. Jezi ya mifereji inamfaa anayekimbia, shati la pamba linamfaa anayekaa ofisini, na sare ya shule ya mchanganyiko inamfaa mama anayefua kila siku.

Na poliesta hiyohiyo iko ndani ya miili ya watu. Miaka ya 1950 daktari wa Houston, Michael DeBakey, alitafuta kitambaa cha kutengenezea mshipa mkubwa wa damu wa bandia. Alikwenda dukani kununua nailoni, akaambiwa imeisha, akachukua Dacron, ambayo ni poliesta. Akakaa kwenye cherehani ya mkewe akashona mrija. Ikaonekana poliesta inadumu mwilini kuliko nailoni, na mishipa ya Dacron inawekwa mpaka leo. Vijana wangu huwa nawasimulia hili wakidharau kazi ya cherehani.

MamaUniform_Kirumba

Hili la daktari kushona kwa cherehani limenigusa. Je, kuna kazi ya hospitali ambayo fundi kama mimi naweza kuifanya kwa haki, bila kuhatarisha mtu?

NesiZamuYaUsiku

Ipo mama, na tunaihitaji. Nguo za kubana makovu. Mtu aliyeungua vibaya, jeraha likishafunga kovu linaanza kunenepa na kuvuta kiungo. Anavalishwa nguo ya nailoni na spandeksi iliyokatwa kwa vipimo vyake, karibu saa 23 kwa siku, kwa miezi mingi. Kitambaa kikilegea kinabadilishwa, kwa kawaida kila baada ya miezi 2 au 3. Watoto wanakua, vipimo vinabadilika. Nguo za kuagizwa zinachelewa na bei yake wazazi wengi hawaiwezi.

Vipimo na kiasi cha kubana anaamua mtaalamu wa tiba kwa vitendo au fiziotherapia. Ikibana kupita kiasi damu haipiti, vidole vinakufa ganzi. Lakini kukata na kushona ni kazi ya fundi: mshono bapa usiokwaruza, uzi unaovutika pamoja na kitambaa, zipu isiyolala juu ya kovu. Nenda hospitali yenye wodi ya majeraha ya moto, uliza idara hiyo, peleka sampuli ya mshono wako kwenye kitambaa cha kuvutika.

MamaUniform_Kirumba

Ovaloki ninayo, na mishono ya nguo za mazoezi nashona kila wiki. Wiki ijayo naenda. Dada, nitakutafuta inbox unielekeze nimuulize nani.

Mvuvi_Ukerewe

La mwisho kwangu. Huku visiwani chandarua kikichoka kinaishia kukaushia dagaa, kufunikia mchicha, na wengine wanaunga wanavulia. Tunakamatwa tukiwa na timba (nyavu zilizopigwa marufuku), lakini chandarua kina matundu madogo kuliko timba, kinabeba mpaka mayai. Nimewaambia wenzangu, hawasikii. Sasa kilichochakaa tukipeleke wapi?

FundiNyuzi_Nyakato

Mkuu, endelea kuwaambia. Zaidi ya vifaranga wa samaki, pairethroidi ni sumu kali kwa samaki hata ikiwa kidogo, kwa hiyo usikifulie ziwani wala usimwage ziwani maji uliyofulia. Fulia kwenye beseni kwa sabuni ya kipande, si ya unga yenye makali, maji yamwage shimoni mbali na kisima, na uanike kivulini.

Kuhusu kilichochakaa, mwongozo wa WHO unasema hivi: kama hujapata kipya, endelea kulala ndani ya cha zamani hata kikiwa na matundu, yashone. Ukishapata kipya, cha zamani kisiingie majini kwa namna yoyote na kisichomwe hadharani, moshi wake ni mbaya. Kama hakuna mpango wa kuvikusanya eneo lenu, kifukie mbali na chanzo cha maji, kwenye udongo usiopitisha maji kirahisi. Kwa visiwa vyenye mchanga hiyo ni ngumu, kwa hiyo mngeanza kwa kuongea na mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) na zahanati, vikusanywe pamoja vivushwe siku mtumbwi wa mizigo unapokuja mjini. Wakikubali niandikie, huku kuna wanaonunua plastiki chakavu na nitawauliza kama wanapokea polithilini yenye dawa kabla hujapakia.